Njia Inayomzunguka Mama Mkwe

Waliompa jina la Redio hawakumsingizia. Kabla ya kiharusi, mzee yule alikuwa akiongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na marehemu mkewe alikuwa akisema hata usingizini anatangaza, ila kwa sauti ya chini. Aliongea na abiria, aliongea na injini, aliongea na maji yenyewe. Ukimwuliza saa ngapi, anaanza na habari za mtu aliyemwuzia saa. Sasa redio ilikuwa imezimika. Alikaa kutwa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, kofia yake ya unahodha kichwani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha kuazima, na hakuna neno lililotoka.

Lakini si kimya kilichomtesa binti yake. Kimya huzoeleka, tena nyumba ile ilikuwa imekikosa kwa miaka mingi. Binti huyu, ambaye gatini walimwita Spana kwa sababu amekulia ndani ya chumba cha injini cha boti ya baba yake, aliteswa na kile kichwa. Kichwa cha Baba kilikuwa kinaitikia kila kitu. Baba, nikuletee uji? Kinaitikia. Baba, niuondoe uji? Kinaitikia vilevile. Siku moja alipiga magoti mbele yake akamwuliza, "Baba, mimi ni mwanao?" Kichwa kikaitikia, na moyo wa Spana ukatulia. Angeishia hapo ingekuwa heri. Shetani akamtuma kuongeza, "Baba, mimi ni fundi wa mabomba, nimekuja kuzibua choo?" Kichwa kikaitikia kwa upole uleule. Spana akatoka akaenda nyuma ya nyumba, akalia mpaka akamaliza, akanawa uso, akarudi kupika.

Daktari hakuwaficha kitu. "Huenda anaelewa yote," aliwaambia, "na huenda haelewi lolote. Mwongelesheni mambo aliyokuwa akiyajua. Siku mkipata 'hapana' moja ya kweli kutoka kwake, nipigieni simu hata kama ni Jumapili."

Basi nyumba nzima ikawa inatafuta hapana. Nyumba nzima yenyewe ilikuwa watu watatu: Redio, Spana, na Bibi, mama yake marehemu mama yake Spana, aliyebaki pale tangu alipomzika mwanawe kwa sababu mjukuu alikuwa bado mdogo na baba mtu alikuwa hajui hata kusuka nywele. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na aliishi na mkwe wake chini ya paa moja kwa mkataba ambao haukuwahi kutamkwa. Bibi akiingia sebuleni, Redio anakumbuka ana kazi uani. Redio akikaa barazani, Bibi anapitia mlango wa nyuma. Wakikutana uso kwa uso, mzee anavuta kofia mpaka puani, anaisalimia sakafu, "Shikamoo, Mama," na kabla hajajibiwa ameshatoweka. Mtu aliyeongea hata na maji, mbele ya mkwe alikuwa bubu. Bibi alimpenda kwa hilo. Alisema mkwe mwenye haya ni mali.

Ndiyo maana, tofauti na wengine, Bibi alikuwa amekwisha kata tamaa. Tangu ugonjwa uingie, yeye ndiye aliyemlisha, kwa maana Spana alikuwa na mambo ya boti. Na kila alipomsogezea kijiko, mkwe wake alimtazama usoni bila kupepesa, akafungua mdomo kama kifaranga. Hakuvuta kofia, hakutazama chini.

"Hata haya zimekwenda, mke mwenza," Bibi alimwambia mjukuu wake jikoni, akikoroga. "Huyu anayekula si baba yako. Baba yako angekufa njaa kuliko kulishwa na mimi."

Spana alikuwa anaogopa hivyohivyo, ila hakutaka kulisikia kwa sauti.

Sasa, boti. Ilikuwa boti ya kuvusha walimu na wauguzi wanaofanya kazi ng'ambo ya ghuba. Iliwapeleka Jumatatu na kuwafuata Ijumaa. Tangu Redio alipoanguka ilikuwa imefungwa gatini, na wale watu walikuwa wanazunguka kwa barabara, wanafika wamechakaa kama waliokuja kwa miguu. Spana alikuwa na cheti cha unahodha ambacho Baba alimlazimisha kukitafuta. Injini aliijua kwa kuisikiliza tu. Tatizo lilikuwa njia. Miaka yote ya kusafiri na Baba, kichwa chake kilikuwa ndani ya chumba cha injini, anapaka grisi, anasikiliza pampu, huku juu Redio anakata kona na kuhadithia. Spana alikuwa amevuka ghuba ile mara zisizo na idadi na hajaiona hata siku moja.

Njia ilikuwa ndani ya mashine ya ramani, ile iliyofungwa kando ya usukani. Redio alikuwa ameijaza alama zake mwenyewe kwa miaka: kila kona, kila mwamba, kila shimo zuri la kutupia nanga, na kila alama akaipa jina na kapicha kadogo. Kisha akaziunga zikawa njia. Lakini kioo cha mashine kilikuwa kimeanza kuota mistari myeusi, na kila wiki mistari ilizaana. Spana akaona dalili. Akaifungua kwa bisibisi, akaibeba ndani ya taulo, akaipeleka kwa Fundi.

Fundi alikuwa na kibanda kati ya mshonaji na mtu wa fotokopi, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: PENYE NIA PANA NJIA.

"Nia ninayo," Spana alimwambia, akiweka taulo mezani. "Njia ndiyo imebaki humu ndani. Nataka uihamishie kwenye tableti hii."

Fundi akaichomeka umeme ile mashine, akabonyeza hapa na pale, akafaulu kuiambia imwage kila ilichonacho kwenye kadi ya kumbukumbu. Mashine ikafanya kazi yake, ikalia mara moja, na kioo kikawa cheusi chote. Hakikuwaka tena. Fundi akakipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, kisha akavua kofia yake.

"Imekata roho," alisema. "Lakini imeacha wosia. Tuusome."

Wosia ulikuwa wa lugha ya kale. Tableti ilikuwa na programu ya kisasa ya ramani za majini, na ilipopewa lile faili ililikataa katakata. Fundi akalipitisha kwenye kompyuta yake, kwenye programu nyingine ya kutafsiri mafaili ya aina hiyo, likatoka na sura nyingine, akalirudisha kwenye tableti. Safari hii programu ikalipokea. Nukta za buluu zikamwagika juu ya ghuba kama mchele uliomponyoka mpishi.

Spana akapiga makofi.

"Usishangilie bado, dada," Fundi alisema, akisogeza kioo kwa kidole. "Alama zimefika na majina yake. Njia zenyewe hazikufika, hii programu haikuzielewa, kwa hiyo utaziunga upya mwenyewe. Na vile vipicha pia vimepotea safarini. Kila kitu kimekuwa nukta ya buluu."

"Vipicha vyote? Baba alikuwa na fuvu la hatari, alikuwa na nanga."

"Fuvu, nanga, samaki, vyote sasa ni ndugu moja. Mwulize mwenyewe mzee, si yupo?"

"Yupo," alisema Spana, na akalipa haraka ili asiulizwe zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imekaa dirishani inaitikia kila kitu.

Kwa hiyo akakaa na tableti kwenye meza ya kulia, akaanza kusoma majina, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi akacheka. Baba hakuwa ameandika mwamba namba hii wala kona namba ile. Alikuwa ameyajaza maji watu. Palikuwa na Mwenye Nyumba, nukta iliyobanwa kwenye mkondo mwembamba, na hapo hapakuhitaji tafsiri: kila mpangaji anajua kwa mwenye nyumba unapita haraka bila kelele. Palikuwa na Karani, mbele zaidi, kwenye mlango wa ghuba yenyewe. Hapo ni pa kusubiri mpaka maji yajae, kwa sababu kwa karani hata ufike mapema vipi utasubiri. Palikuwa na Shemeji, papana na patulivu, pa kwenda taratibu na kupiga soga. Ilikuwa kama kumsikia mzee akiongea, na Spana alisoma polepole ili asimalize.

Kati ya Karani na Shemeji, katikati kabisa ya maji, palikuwa na nukta iliyoandikwa Mama Mkwe.

Ramani ya programu sehemu ile ilikuwa nyeupe tu, bila kina wala kivuli, kana kwamba waliopima waliishiwa mafuta wakarudi nyumbani. Lakini Spana hakuwa na shaka hata chembe. Mama mkwe wa Baba ni Bibi. Na Bibi ni nani? Bibi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka miguu ikawa inaburuzika chini. Bibi ndiye aliyemfichia sukari, aliyemtetea kwa walimu, aliyekesha naye alipougua surua. Mwanamume akitaka kumpa heshima mwanamke kama huyo ampe wapi, kama si penye kina kirefu na maji mema? Akaweka kidole kwenye Karani, akauvuta mstari mwekundu, akaupitisha moja kwa moja juu ya Mama Mkwe, akaufikisha kwa Shemeji. Njia ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Aliitazama akaridhika nayo.

Jumapili mchana, siku moja kabla ya safari, alivuta kigoda akakaa karibu na kiti cha Baba. Hakutarajia kitu. Daktari alisema mwongeleshe mambo aliyoyajua, naye alikuwa mtiifu.

"Shikamoo, Baba. Kesho naivusha boti. Mashine yako imekufa, lakini alama zako zote nimezihamishia humu. Nikusomee njia?"

Kichwa kikaitikia.

"Natoka gatini, nashika mkono wa kushoto mpaka kwa Mwenye Nyumba."

Kikaitikia.

"Pale sisimami. Naendelea mpaka kwa Karani, nasubiri maji."

Kikaitikia.

"Halafu kutoka kwa Karani nanyoosha moja kwa moja mpaka kwa Mama Mkwe."

Kichwa kikasimama.

Spana alidhani amechoka. Kisha mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye ubavu wa kiti, ukaja polepole, ukitetemeka, ukakikandamiza kioo kana kwamba unataka kukisukuma kisogee. Programu ile ilikuwa hivi: ukibonyeza mstari ukauburuta, unakufuata. Mstari ukapinda, ukatoka kwenye nukta.

"Pole, Baba, umeugusa," alisema Spana, akaurudisha mahali pake.

Mkono ukaja tena. Safari hii haukutetemeka sana. Kidole kikaushika mstari, kikauvuta chini, mbali, mbali mno, mpaka ukaizunguka ile nukta ya buluu kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa. Redio akamtazama binti yake. Macho yalikuwa makali. Alikuwa na hasira, na Spana hakuwa ameona kitu kizuri kama hasira ile tangu mwaka uanze.

"Baba," alisema. "Kwa Mama Mkwe kuna nini?"

"Nani ananiita huko?" Bibi aliuliza kutoka jikoni, na kabla mtu hajamzuia alikuwa amekwisha kuingia, mwiko mkononi.

"Hujaitwa, Bibi. Ni Baba, alipaita mahali kwa jina lako. Kule kwenye ghuba."

Bibi akasimama. Uso wote ukamfunguka. "Mimi? Kanipa mahali majini? Na hakuniambia miaka yote hii?" Akainama juu ya tableti, macho ameyakaza. "Nionyeshe. Ni hii nukta? Mbona ni katikati hasa. Mbona pazuri hivi." Kisha akafuatisha mstari mwekundu kwa ncha ya mwiko. "Ila niambie, mke mwenza. Mbona njia inanizunguka?"

Spana alimtazama Baba, na hapo akaona jambo ambalo angelihadithia maisha yake yote. Uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi mpaka masikioni. Alimtazama Bibi, akautazama ukuta, akayatazama magoti yake, na mkono wa kushoto ukaanza kukifunika kioo kama mwanafunzi ambaye mwalimu amemkuta anamchora. Kilipogoma kufunikika, mkono ukapanda, ukashika kofia, ukaivuta mpaka puani.

Mwiko ukaanguka.

"Anaona haya," alisema Bibi taratibu. "Spana. Baba yako anaona haya."

"Baba," Spana aliuliza, na alikuwa amemshika goti kwa mikono miwili, "pale kuna mwamba?"

Chini ya kofia, kichwa kikaitikia, kidogo sana, kama kinaomba radhi.

"Ni mahali pazuri pa kutupa nanga?"

Na kichwa cha Redio, ambacho kwa majuma yote yale kilikuwa kimejua upande mmoja tu, kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Hapana.

"Mimi ni fundi wa mabomba?"

Hapana, na safari hii kofia ikamtoka.

Spana aliangua kilio palepale, bila kwenda nyuma ya nyumba, na Bibi naye alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, ameshika fremu ya mlango ili asianguke. "Mwamba," alikuwa anasema. "Ameniita mwamba wa kupasua boti, mkwe wangu huyu mpole. Akili zake ziko palepale alipoziacha. Asiye na akili haoni haya, mke mwenza. Mpigie daktari. Mwambie kaniita mwamba."

Mchana ule waliivuna hapana kama watu waliokaa na njaa ya miaka. Spana alipitia nukta zote, moja baada ya nyingine, azirudishie vipicha vyake. Hapa fuvu? Hapana. Nanga? Ndiyo. Hapa samaki? Ndiyo, tena kwa kukonyeza. Njia nzima ikaungwa upya, na mara mbili mzee aliusukuma mkono wa binti yake kwa ukali uleule wa zamani wa kumwambia toa spana yako hapo. Walipofika kwa Mama Mkwe, Bibi alisema kutoka jikoni kwamba yeye asiwekewe fuvu, watafute picha yenye adabu. Redio akatikisa kichwa. Spana akapendekeza ua. Redio akatikisa kichwa. Likabaki fuvu.

"Haya, niwekeeni," alisema Bibi. "Mradi mnanipita mbali."

Jumatatu Spana aliwavusha. Walimu walikaa mbele na mabegi yao, wauguzi nyuma, na tableti ilikuwa imefungwa kando ya usukani pale ilipokuwa mashine ya kale. Alisubiri kwa Karani, maji yakajaa, akaingia. Mstari ulipoanza kuzunguka, naye akazunguka, ingawa mbele palikuwa peupe, pametulia, panavutia.

"Nahodha," muuguzi mmoja akaita, "mbona tunapoteza muda? Si unyooshe tu."

Wimbi likarudi nyuma kidogo, na pale peupe ukatokeza mgongo mweusi, mpana kama paa la nyumba, wenye ncha. Ulikaa juu ya maji kwa pumzi moja, kisha ukazama, na maji yakapendeza tena kana kwamba hapana kitu. Palepale, juu ya mgongo ule, ndipo Spana alipokuwa ameupitisha mstari wake ulionyooka. Aliogopa baada ya hatari kupita, na hiyo ndiyo hofu yenye raha kuliko zote.

"Pale ni kwa mama mkwe wa Baba," aliwaambia. "Hatukatizi uani kwake."

Alirudi jioni, boti tupu, jua bado liko juu ya mapaa. Bibi alikuwa amekaa mbele ya kiti cha Redio na bakuli la uji. "Ulinipita?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilikupita mbali, Bibi. Nilikuona mgongo."

Redio akatoa sauti puani. Kilikuwa kicheko. Bibi akajaza kijiko, akakisogeza kama alivyokuwa akikisogeza kila siku, bila kuuliza, maana ilikuwa imeshakuwa desturi kutouliza. Midomo ya mzee ikabana. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia.

Kijiko kikabaki hewani.

"Hutaki uji," alisema Bibi. Kichwa kikaitikia. "Umeshiba?" Hapana. Bibi akautazama uji, akamtazama mkwe wake, na jambo likamwingia polepole. "Ina maana siku zote hizi nilizokuwa nakulisha, ulikuwa huupendi?"

Redio alijaribu kumtazama, akashindwa. Mkono wa kushoto ukapanda, ukaitafuta kofia, ukaivuta mpaka puani, na chini yake kichwa kikaitikia.

Bibi akaweka kijiko ndani ya bakuli, akainuka. Njia fupi ya kwenda jikoni ilikuwa inapita mbele ya kiti cha mzee, hatua chache tu. Bibi hakuifuata. Akageukia mlango wa nje, akatoka, akazunguka nyumba yote na bakuli lake mkononi, akaingilia mlango wa nyuma, ili mkwe wake apate kuona haya kwa raha zake.